Miiba ya Sato

Saa nane na dakika arobaini mchana, meza ya ishirini na tatu ilikuwa kwenye foleni ya chakula, na sinia la samaki lilikuwa tupu.

Modesta Shigela alituma mtu jikoni kuleta sinia jingine. Aliyetumwa akarudi mikono mitupu. Samaki wamekwisha.

Haikuwezekana. Kwenye jubilei hiyo ya ndoa ya Ponsian na Renatha, katika ukumbi wa Nyakato, walialikwa wageni mia tatu. Kila mmoja alipangiwa sato mzima wa kukaanga, na ishirini walikuwa wa akiba. Modesta alikuwa amepika kwenye sherehe za Mwanza kwa miaka kumi na minne, na hakuwahi kumwachia mtu koleo la kugawia kitoweo. Wageni sabini na wanane walikuwa bado hawajala.

Kabla hajafika jikoni, kipaza sauti kiliwaka.

"Ndugu wageni, tunaomba radhi," alisema Luhende, mwenyekiti wa kamati. "Kamati imetimiza wajibu wake. Aliyetuangusha ni mpishi. Hawa mama ntilie ukiwapa shughuli kubwa, ndiyo haya."

Ukumbi ukacheka. Sista Evelina, kwenye meza ya tatu, hakucheka; alimgeukia Modesta na kumtazama. Shule yake ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na Jumatatu angechagua mpishi wa kulisha wageni elfu moja na mia mbili. Alikuwa amemwambia Modesta kwa simu kwamba leo anakuja kula na kuona.

Modesta alivua aproni, akaikunja, akapanda jukwaani.

"Dada, rudi jikoni," Luhende alisema.

"Asubuhi ulihesabu samaki. Walikuwa wangapi?"

Luhende akakohoa. Samaki walipofika kutoka Nansio, alikuwa amesimama kando ya ndoo na kuwahesabu mmoja mmoja kwa sauti, kwa sababu, alisema, wapishi wa siku hizi wana mikono mirefu.

"Mia tatu na ishirini," Ponsian alijibu kutoka meza kuu. "Nilikuwepo."

"Asante, baba. Sasa naomba tuhesabu miiba."

Watu wa ziwani hawaachi kichwa cha sato. Watakifyonza mpaka kibaki kama ganda. Lakini mwiba wa mgongo haumezwi. Wahudumu walikusanya sahani, wakaipanga miiba kumi kumi juu ya meza tupu, na waliokuwa bado wanakula waliinua sahani zao zihesabiwe. Jumla ilikuwa mia mbili ishirini na mbili.

"Hawaonekani tisini na wanane," Modesta alisema. "Wako wapi?"

"Uliza mikoba ya watu wako!"

"Njoo uipekue wewe. Wewe si ndiye mhesabuji?"

Luhende aliipekua yote sita, na gari la Modesta pia. Alipata vitunguu, ndimu na kanga moja.

Hapo ndipo Ng'washi, mpishi mkuu wa Modesta, mwanamke wa miaka sitini asiyependa maneno, alipotoka jikoni na mwiko mkononi.

"Modesta, mimi nilidhani unajua. Wakati wa sala ya chakula walikuja akina mama wa kamati na hotipoti. Mmoja mmoja. Kila mmoja akasema mwenyekiti kamruhusu."

"Walikuwa wangapi, mama?"

"Kumi na wawili. Wa kwanza mke wake huyu."

"Mimi nilichukua wanane tu!" Wilhelmina, mke wa Luhende, aliruka. "Vikao miezi mitatu, kila Jumapili! Hatuna haki hata ya samaki wanane?"

"Hata mimi wanane tu," alisema wa pili.

"Kumbe na wewe ulichukua?" aliuliza wa tatu, kwa mshangao wa kweli. Kila mmoja alikuwa ameamini kwamba yuko peke yake, na kwamba wanane katika mia tatu hawatajulikana.

Renatha, mwenye jubilei, aliinuka.

"Mwenyekiti, nipe ufunguo wa chumba cha nyuma, kamati inakoweka vitu vyake."

"Shemeji, tusiaibishane mbele ya wageni."

"Wageni wangu wana njaa. Aliyeaibishwa mbele yao mpaka sasa ni mmoja tu, na hana kosa. Ufunguo!"

Hotipoti kumi na mbili zililetwa juu ya meza ya chakula, zikafunuliwa. Kumi zilikuwa na samaki wanane wanane. Mbili zilikuwa na tisa tisa, na moja ya hizo iliandikwa jina la Wilhelmina.

Modesta alichukua kipaza sauti, akampa Luhende.

"Ulinilaumu kwa hiki. Kwa hiki hiki, sema ulichokiona."

"Ndugu wageni," Luhende alianza, "samaki wamepatikana..."

"Hawakupotea," Modesta alimkatiza.

Luhende alimtazama mkewe, kisha sakafu.

"Samaki walichukuliwa na kamati yangu," alisema. "Mpishi alileta mia tatu na ishirini. Nilisema uongo juu yake."

Modesta alivaa aproni, akashika koleo, akaiita meza ya ishirini na tatu.

Saa kumi kasoro dakika tano, mgeni wa mwisho wa meza ya thelathini alipokea samaki wake. Kwenye sinia walibaki ishirini. Sista Evelina alikuja mezani, akawahesabu mwenyewe.

"Ishirini," alisema. "Jumatatu njoo shuleni."