Kila Elius Akirudi Nyumbani

Tangu Noela avuke miezi sita, kila baba yake aliporudi nyumbani Matembwe, mtoto aliugua. Elius alikuwa mpakia mbao kwenye yadi moja ya Makambako, na alikuja Jumamosi akipata nafasi. Jumapili asubuhi mtoto ana vipele shingoni, midomo imevimba, anatapika mpaka analegea. Baba akiondoka, haupiti muda anacheka tena.

Kijijini jambo la namna hii halikosi mwenye jibu. Wanawake wa kwaya walimshika mkono Rejoice, mama wa mtoto, kwa huruma ile inayouma kuliko tusi. Mtoto kabemendwa, walisema. Baba anatoka kwa wanawake wa gesti za Makambako, anamshika mtoto anyonyaye, uchafu wake unamwangukia malaika wa Mungu. Lisemwalo lipo, wakaongeza, na methali hiyo ikishatajwa hakuna anayedai ushahidi.

Rejoice alikataa kuamini, kisha akaamini. Hakuwa mjinga, aliona kwa macho yake. Alipomuuliza Elius, akaapa kwa Biblia ya marehemu baba yake. Rejoice akamjibu kwamba kiapo hakijaondoa kipele hata kimoja, basi akae hukohuko Makambako mpaka mtoto apone.

Akakaa. Na Noela akapona, akanenepa, akaanza kutambaa. Hapo hata mama mkwe, Hulda, aliyekuwa akimtetea mwanawe, akanyamaza. Rejoice alilia, maana hakutaka iwe kweli.

Elius hakuja, ila hakuacha kutunza. Siku moja kondakta wa basi akateremsha mfuko wake: sabuni, sukari na karanga, kama alivyozoea kuja nazo mwenyewe, kwa kuwa baridi ya Matembwe haioteshi karanga na mama yake alizipenda kupita kiasi. Katika nyumba ile karanga hazikuwahi kuiona Jumatatu. Hulda akazikaanga, akazitwanga, akamkorogea mjukuu kwenye uji kama alivyofanya siku zote zilipokuwepo. Uji uwe na lishe, kliniki walisema, na Hulda ni mtu wa kusikia.

Bakuli halijafika nusu, vipele vikachomoza. Safari hii hata pumzi ilikwama, kifua kikipiga mluzi. Rejoice akapanda bodaboda na mtoto mpaka zahanati. Noela akachomwa sindano ya paja, pumzi ikafunguka, wakapelekwa hospitali mjini Njombe. Njia nzima Rejoice aliwaza jambo moja: Elius hakuwepo. Hakumgusa mtoto. Kilichokuja ni mfuko.

Daktari alipouliza mtoto kala nini, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Mzio wa karanga, akasema daktari; mwili wa mtoto unakipiga vita chakula kana kwamba ni sumu. Asionje tena hata punje, wala uji wa unga uliopita kwenye kinu cha karanga, na aliyezila anawe mikono na mdomo kabla ya kumbeba. Maharage, mayai na vingine anavyokula bila shida aendelee navyo, asije akanyimwa chakula kwa woga tu. Akivimba midomo au akibanwa pumzi, ni mbio hospitali, hakuna kusubiri.

Hulda, aliyewafuata hospitali, alisikiliza yote akiwa kwenye benchi. "Kumbe mkono ulikuwa wangu," akasema. Rejoice naye alikuwa na lake.

Akaketi na mtoto dirishani, akampigia Elius. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kuomba radhi. Yalitoka machache tena ya kukatika. Akamweleza habari ya karanga, akamwambia arudi nyumbani.



"Mama Noela," akasema Elius, "una hakika siyo mimi?"

"Nina hakika, Baba Noela. Nisamehe."

"Maana mimi nilishaanza kuamini. Nilikuwa najichunguza, naona labda nina uovu nisioujua. Ulipokuwa unanipigia, nikimsikia mtoto karibu, naiweka simu mbali na mdomo nisije nikamdhuru kwa pumzi yangu."

Rejoice akaiweka simu sikioni kwa Noela. Baba akaisogeza simu mdomoni, akamwita mwanawe kwa jina.