Miligramu Ishirini na Nne

Tangu mitambo ya baridi ilipoanza kuvuja gesi ya amonia, kila mwanamke aliyetoka chumba cha kupakia nyama alitoka akifuta macho kama anayerudi msibani. Mpimaji wa hewa alipokuja na mashine yake, walimpisha kwa matumaini. Mkewe alikuwa miongoni mwao. Dada wa mpimaji pia. Wifi hao wawili walifanya kazi meza moja, bega kwa bega.

Kesho yake kibao kilitundikwa mlangoni: Amonia 24. Kikomo 25. Wanawake wakashusha pumzi, wakaingia. Mke wa mpimaji alitembea kifua mbele siku nzima, hata wifi yake akamtania kwamba akizidi kuvimba hivyo, mikokoteni itakosa pa kupita.

Wiki haikuisha, meneja akamhamishia mke huyo ofisini, kwenye meza ya simu nyuma ya kioo. Hakuwa ameomba. Jioni alimuuliza mumewe sababu. Mume akazungukazunguka: mara meneja kaona bidii yake, mara ofisini kulikuwa na pengo. Mke hakumwondolea macho. Ndipo mume akachukua kalamu, akaeleza kwa sauti kavu kwamba ile ishirini na nne ni miligramu katika mita moja ya ujazo, yaani uzito wa gesi. Kikomo chenyewe kimewekwa kwa sehemu katika milioni, yaani wingi wa gesi ndani ya hewa. Amonia ni nyepesi. Uzito mdogo tu huwa gesi nyingi. Unazidisha kwa ishirini na nne nukta nne tano, unagawanya kwa kumi na saba. Akapiga mstari chini ya jibu: thelathini na nne na nusu, juu ya kikomo.

"Kwa hiyo umewadanganya," mke alisema.

"Namba ni ya kweli. Meneja alitaka tu neno miligramu lisiandikwe."

"Na dada yako?"

Mume akafunika kalamu. "Nafasi ilikuwa moja."

Mke alilala akiapa moyoni kwamba kukicha atakwenda kusema yote. Kulipokucha alifika hadi mlango wa chumba cha kupakia. Harufu ikamchoma puani, akakohoa, na miguu ikageuka yenyewe kuelekea ofisini. Hewa ya huko ilikuwa tamu. Akajiambia atasema mchana. Mchana akajiambia jioni. Baadaye aliacha kujiambia lolote, na kilichomshangaza ni jinsi usingizi ulivyomjia upesi.

Mwanzoni kikohozi cha wifi yake kilimkata maini. Kisha kikaanza kumuudhi, maana kilimfanya asisikie wapigaji simu. Akawa anainuka na kufunga dirisha.

Siku moja wifi alisimama mbele ya kioo, macho yamevimba, sauti imebaki mkwaruzo.

"Wifi, wewe ndiye unayelala naye. Kaka anasemaje kuhusu hii hewa? Wenzangu wanataka kugoma. Wananisubiri mimi."

Mke wa mpimaji alimtazama. Walikuwa wamesukana nywele, wamebebeana watoto mgongoni.

"Kaka yako ndiye aliyepima," alisema.

Uso wa wifi ukalainika. Alimshukuru, akafuta macho kwa kiganja, akarudi kuwaambia wenzake waingie kazini.

Simu iliita. Aliipokea kwa sauti safi kabisa.