Mlango Chini ya Lipu

Haya ni kweli tupu, naapa kwa meno yangu yaliyobaki. Atakayenikamata na uongo hata mmoja, chai ya wote mliokaa mgahawani humu nalipa mimi.

Bwana Najua alikuwa ameinama ndani ya bwawa lake la kuogelea lisilo na maji, brashi mkononi, suruali kaikunja hadi magotini. Rangi ya zamani ilikuwa imebanduka. Mkewe alishamwambia aite mafundi wabomoe lipu kuukuu na kupiga mpya.

"Kupaka rangi tu? Najua," alisema. Ndivyo alivyopata jina.

Hakukwangua, wala hakungoja ukuta ukauke. Kesho yake rangi ikafura malengelenge makubwa kama sahani. Akatoboa moja kwa kisu, likatoka pazia la maua. La pili likatoa harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. La tatu, mfuniko wa sufuria.

"Hivyo ni vyangu," alisema dada yake mkubwa kutoka ukingoni. Dada huyo alikuwa akilala kwenye chumba cha pampu, tangu Najua alipobomoa nyumba yake apate pa kuchimba bwawa na kumwahidi nyingine. "Nyumba yangu lini, mdogo wangu?"

"Najua, dada. Ngoja nimalizane na hili bwawa."

Akapaka tena. Safari hii lengelenge likatoa kiti. Ndipo akaita mafundi.

Fundi mkuu aligonga ukuta, akasikiliza, akacheka. "Mzee, umepaka poda juu ya jipu!"

Wakabomoa lipu yote. Upande wenye kina wakakuta mlango wa mbao, una kufuli. Dada akashuka, akavua ufunguo shingoni, akafungua, akaingia. Wakamsikia anafagia.

"Bosi, huu tuuzibe?"

Najua akafikiri. "Uacheni, pigeni lipu kuuzunguka. Ahadi yangu imetimia. Si ana nyumba sasa?"

Kazi ilikuwa safi, kona zimenyooka. Maji yakajazwa. Siku hizi dada akienda sokoni huibuka, hukamua nguo, kisha hurudi kwa kupiga mbizi. Watoto wa Najua huogelea wakikwepa moshi wa jiko lake. Dada mwenyewe ameridhika, hajalalamika hata mara moja.

"Uongo huo," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa dada mwenyewe, mlangoni mwa mgahawa, nguo zinachuruzika, mfuko wa vitunguu mkononi. Mtu akamsogezea kiti.

"Mengine yote kweli, mzee. Lakini kulalamika, nalalamika kila siku. Yule mdogo wangu huko juu anaona mapovu tu, anaisifu pampu."

Nikaagiza chai ya wote, nikalipa. Yake aliomba iwe ya moto sana. Akainywa haraka, akavuta pumzi ndefu, akaenda nyumbani.