Kibali cha Papa Nestor

Mélanie hakuwa mjinga, na mtu asije akaniambia hivyo. Mwanamke aliyetoka Uvira kule Kongo peke yake, akavuka mipaka mitatu na kifurushi kimoja kichwani, atashindwaje na barabara ya lami kutoka Kakuma hadi Lodwar, mwendo wa saa mbili? Barabara haikumshinda. Alishindwa na mtu wa kumlinda.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kwao alisoma uuguzi miaka miwili kabla vita havijafunga shule, na hapa kambi ya wakimbizi ya Kakuma alikuwa amezalisha wanawake mpaka akaacha kuhesabu. Mwaka huu chuo kimoja cha uuguzi mjini Lodwar kikatangaza nafasi ya mkimbizi. Nafasi moja tu. Barua ikamfikia: mtihani Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi, mlango ukifungwa umefungwa. Mwisho wa umri ulikuwa miaka thelathini na mitano, naye alikuwa ameitimiza mwezi wa pili. Mwaka ujao wasingempokea hata angelia machozi ya damu.

Mtu wa kwanza kuonyeshwa ile barua alikuwa jirani yake Nyaboth, mama wa Sudan Kusini, muuza chai, ambaye kila baada ya wiki mbili huenda Lodwar peke yake kununua majani na sukari. Nyaboth hakujua kusoma, lakini aliishika barua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Sikiza, ya Mélanie," akasema. "Kibali ya kutoka kambi chukua yako, jina yako. Weka hapa." Akajigonga kifuani. "Ndani ya gari kaa nyuma ya dereva, karibu na mama yeyote. Kwa polisi sema ukweli kabla wao hawajauliza. Na usishuke mahali wewe hukupanga kushuka. Khalas, basi. Mimi nimeenda hivyo miaka sita."

Ushauri ndio huo. Mélanie angeufuata, sasa hivi nisingekuwa na cha kusimulia.

Lakini Mélanie alikuwa mtu wa kanisa, na kanisa lao lilikuwa na sheria yake. Miaka mitatu nyuma dada mmoja wa kwaya alivamiwa njiani akitoka Lodwar. Hilo lilikuwa kweli, na hakuna aliyelisahau. Tangu siku hiyo likakatwa shauri kwamba dada yeyote akitoka kambini lazima asindikizwe na ndugu mwanamume wa kanisa. Wakirudi, Jumapili wanasimama wote wawili mbele, mchungaji anamuuliza dada maswali matatu: Kuna mtu aliyekugusa? Kuna mtu aliyekuibia? Umelala salama? Akijibu vizuri, kanisa zima linaitika haleluya, na aliyemsindikiza anapigiwa makofi.

Aliyepigiwa makofi kuliko wote alikuwa Papa Nestor; kwao papa ni baba. Shemasi, mtu mzima, shati limepigwa pasi hata siku ya vumbi, na mkono wake haujawahi kumgusa mwanamke asiye wake. Nawaambia haya msije mkafikiri mengine. Alikuwa mwema. Wema wake ulikuwa ule wa mtu anayekushika mkono kukuvusha barabara ambayo hukutaka kuvuka.

"Kibali kimoja kinatosha, Mama Mélanie," akamwambia mbele ya wamama wa kanisa. "Nitakuandikisha chini ya jina langu, kama mutu wa nyumba yangu. Ni usalama zaidi. Polisi wakiona mwanamke ana karatasi yake peke yake wanamuuliza mambo mingi."

"Papa, mimi ningechukua yangu tu."

"Ya nini? Mimi si niko?"

Wamama wakacheka kwa furaha. Mélanie akakubali, na tuseme kweli, alikubali kwa aibu. Ukimkataa Papa Nestor hadharani, watu wataanza kujiuliza mbona unataka sana kwenda mjini peke yako. Jioni alipomweleza Nyaboth, yule mama alisonya, akaendelea kuosha vikombe vyake.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi wakaondoka kwa gari dogo la abiria. Kibali kilikuwa ndani ya Biblia ya Nestor, na Biblia ilikuwa mapajani mwake. Mélanie alikaa nyuma ya dereva, angalau hilo alilifuata. Alikuwa na kalamu mbili, kitambulisho cha mkimbizi na barua ya chuo. Alikuwa na furaha hata akajionea haya.

Saa moja wakafika kituo kidogo cha njiani, maduka manne na kisima. Simu ya Nestor ikalia. Akaongea, akacheka, akamgonga dereva begani.

"Tushushe hapa. Kuna mzee mumoja ana kondoo dume wa harusi ya mtoto wangu. Dakika kumi, Mama Mélanie. Tutapata gari ingine."

"Papa, mtihani ni saa tatu!"

"Na sasa ni saa ngapi? Ni saa moja. Utafika mpaka uchoke kungoja."

"Basi wewe shuka, mimi niendelee."

"Na karatasi?" Aliuliza kwa upole, bila hila yoyote. "Karatasi ni moja. Nikikupa, mimi nitapitaje? Na kanisa litasema nimekuacha njiani na watu usiowajua."

Dereva akageuka. "Mama, unashuka ama unaenda?"

Abiria walikuwa wakimtazama. Mélanie akashuka, mahali ambapo hakupanga kushuka. Gari likaenda zake.

Nestor akaingia nyuma ya maduka na Biblia yake kwapani. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini. Mélanie akamfuata, akamkuta amekaa kwenye kigoda na wazee, ameshika kikombe cha chai, kondoo bado yuko malishoni anafuatwa. "Sasa hivi," akasema Nestor, na kwa macho akamwonyesha kwamba mwanamke hasimami juu ya wazee wakiongea. Akarudi barabarani.

Saa moja na dakika arobaini ikatokea pikapu imebeba magunia ya makaa. Mbele, kando ya dereva, alikaa mama wa Kiturkana, shanga zimemjaa shingoni hadi kidevuni. Jina lake Nakeno, alikuwa akipeleka makaa Lodwar.

"Ejok," akasalimia. "Wewe nangoja nini hapa na jua?"

"Ejok, mama." Mélanie akamweleza yote kwa pumzi moja: chuo, saa tatu, kibali, kondoo.

Nakeno akatema mate kando. "Kondoo? Panda. Mimi najua askari mwanamke wa kule kwa kizuizi, si mtu mbaya. Ongea na yeye ukweli."

Mélanie akapanda. Niseme tena: akapanda gari la watu asiowajua, mwanamke peke yake, bila ndugu, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Nakeno alimpa maji ya kunywa kutoka dumu lake, akamuuliza ana watoto wangapi, akamcheka kwa kuogopa vumbi lisichafue barua.

Kwenye kizuizi cha polisi ilikuwa saa mbili na robo. Lodwar ilikuwa mbele tu, dakika ishirini. Mélanie akashuka mwenyewe kabla ya kuitwa, akaenda moja kwa moja kwa yule askari mwanamke, akatoa kitambulisho na barua, akasema ukweli wake wote. Askari alisoma barua mara mbili.

"Madam, hii barua ni nzuri," akasema. "Lakini kibali kiko na mtu mwingine, na wewe umeandikwa chini yake. Mpigie. Akiniambia kwa mdomo wake ati ndio, uko chini yake na anajua unaenda, nitakuandika kwa kitabu na upite. Sitaki kukuharibia mtihani."

Neno moja tu lilihitajika. Mélanie akapiga simu, akaifungulia sauti ili askari asikie.

"Papa Nestor, niko kwa polisi. Waambie ndiyo, nipite."

"Mama Mélanie! Nimekutafuta kituo kizima! Umepanda gari la nani?"

"Papa, ni saa mbili na robo. Sema ndiyo tu."

"Afande," Nestor akasema, sauti imepanda, "huyo mama yuko chini yangu. Ametoka bila ruhusa yangu. Kama kitu kikimupata, kanisa litaniuliza mimi. Tafadhali mumushike hapo hapo, asitoke na mutu. Nakuja sasa hivi."

"Papa, nakuomba! Nakuomba kwa jina la Mungu!"

"Usilie, mama. Ni kwa usalama wako."

Simu ikakatika. Askari akavuta pumzi, akamrudishia barua. "Umesikia mwenyewe," akasema. "Sasa nikikupitisha, mimi ndio nimevunja sheria." Akampa kiti chake cha plastiki, akakiweka kivulini. Nakeno alikataa kuondoka mpaka dereva wake alipomfokea, na alipoondoka alikuwa bado anagombana na askari kwa Kiturkana.

Mélanie akakaa pale na kalamu zake mbili. Saa tatu ikafika. Aliiangalia kwenye simu ikibadilika, tarakimu moja tu, na hakuna kitu kingine kilichobadilika pale barabarani.

Nestor alitokea saa tano, nyuma ya pikapu, kondoo amefungwa miguu kando yake. Akashuka mbio, akamshika Mélanie mabega, na machozi yalikuwa yakimlengalenga kweli. "Asante Mungu," akasema. "Asante Mungu, uko mzima." Mélanie alitamani kumzaba kofi. Hakumzaba, na hilo ndilo lililomuuma miezi mingi baadaye.

Chuoni wakaenda hata hivyo. Mlinzi wa getini aliwaambia watahiniwa wameshamaliza, na mama mmoja wa ofisini akatoka, akasema kwa huruma kwamba nafasi ilikuwa moja, na waliofika walikuwa kumi na wanne.

Jumapili wakasimama mbele, yeye na Nestor. Habari ilikuwa imeshaenea: Mama Mélanie alipotea njiani, Papa Nestor akampata. Wamama walikuwa wanampepea Nestor kwa macho.

"Dada, kuna mtu aliyekugusa?" mchungaji akauliza.

"Hapana."

"Haleluya!"

"Kuna mtu aliyekuibia?"

Mélanie akamgeukia Nestor. "Ndiyo."

Mchungaji akasogea. "Pole, dada. Nani?"

"Huyu hapa. Nafasi yangu ilikuwa inahitaji neno moja, akanikatalia. Amenifikisha salama kwenye mlango uliofungwa."

Mtoto mmoja akakohoa. Kisha mtu akacheka, wengine wakamfuata, kicheko cha kumhurumia mtu aliyechanganyikiwa. Nestor alikuwa amepauka, amefungua mikono. "Mimi?" akasema. "Mimi niliyemulinda?" Na alikuwa haelewi kweli, jamani, ningetamani sana angekuwa anaelewa. Mchungaji akasema dada yetu bado ana uchovu wa safari, tumwombee. Kwaya ikaanzisha wimbo. Nestor akapigiwa makofi marefu kuliko siku zote, ili kumfuta machozi.

Mwisho wa ibada matangazo yakasomwa: Jumatano dada Stéphanie anakwenda Lodwar kwa daktari wa macho, atasindikizwa na Papa Nestor.

Mélanie akamkimbilia Stéphanie nje, akamshika mkono. "Kesho asubuhi twende pamoja kwenye foleni ya vibali," akasema. "Chukua chako, jina lako. Nitakupeleka kwa jirani yangu, atakueleza namna ya kwenda. Utafika, mdogo wangu, nakuapia utafika."

Stéphanie alikuwa binti wa miaka ishirini, jicho moja limeshaingia ukungu. Akautoa mkono wake polepole.

"Lakini dada, ile njia ni mbaya," akasema. "Kuna watu wabaya kule."

Mélanie akaikumbuka ile njia. Mama mwenye shanga aliyempa maji. Askari aliyemwachia kiti chake kivulini. Alitafuta mtu mbaya tangu Kakuma hadi Lodwar, akamkosa. Alipoinua macho, Stéphanie alikuwa amekwisha kuondoka, anakwenda kwa Papa Nestor kumpa jina lake aliandikishe.