Zamu ya Mchana

Saa saba kasorobo jaji alivua joho lake, akaketi ukingoni mwa kiti, akamsubiri dada yake aje kulichukua. Ilikuwa wiki ya tatu tangu dada aanze kuja.

Dada aliingia bila kubisha. Alifariki wakiwa darasa la nne, lakini huko aliko nako watu huzeeka, kwa hiyo alikuwa na mvi na magoti yaliyoanza kukataa ngazi.

"Lete. Zamu yangu."

Karani akaja na mafaili, akainama mbele ya aliyevaa joho, akamwita Mheshimiwa na jina lake kamili. Wala hakukosea, maana jina lilikuwa la dada tangu mwanzo.

Mama yao alikuwa akifua nguo za watu, na sare aliweza kununua moja tu. Basi akaandikisha mtoto mmoja, akapeleka wawili. Mkubwa alisoma asubuhi, mdogo mchana, na saa saba walibadilishana gauni nyuma ya choo cha shule, yule aliyevua akijifunga khanga. Darasani walikuwa tisini, nani angewatambua? Kisha homa ikamchukua mkubwa kwa siku nne. Mama alimzika binti, jina hakulizika. Tangu wiki ile mdogo akasoma asubuhi na mchana, akapasua kila mtihani, akapanda hadi chuo kikuu na mpaka kiti cha ujaji. Sasa shule humwalika awaambie watoto kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, naye huwaambia, huku akiuogopa mlango usije ukafunguliwa na mtu mwingine.

Dada alianza kuja siku lilipoletwa faili la mfagiaji wa zahanati. Mama huyo alikuwa amefagia miaka kumi na mmoja kwa cheti cha marehemu dada yake, maana hata ufagio siku hizi unadai cheti. Hakukana. Alisema tu watoto walikuwa wanataka kula.

Jaji aliijua adhabu, na aliijua njia ya kuikwepa. Lakini kila aliposhika kalamu kumwachia, aliiweka chini tena. Ukimwachia, watauliza kwa nini. Wakiuliza, watachimba. Asubuhi ile akaandika miezi kumi na minane, kisha akaipanga hukumu isomwe mchana. Alijiambia kwamba mwenye jina ndiye ajuaye uchungu wake, ataifuta kwa kalamu moja. Aliitaka huruma, ila itoke mkononi mwa mtu asiyeweza kufukuzwa kazi.

Sasa alikuwa ameegemea ukuta wa chumba chake, akisikiliza. Dada alisoma polepole, neno kwa neno, kama mtu anayeweka kidole chini ya mstari. Mawakili walivumilia. Alipofika kwenye miezi, jaji akabandika sikio ukutani. Kisha namba ikasomwa yote. Mwanamke akalia kwa sauti ndogo, akaomba apelekewe ndala zake, na askari akamwambia atapewa nyingine huko gerezani.

Dada akarudi, akaanza kufungua vifungo.

"Dada, nilidhani utamwachia."

"Kwa maneno gani? Nimesoma ulichoandika. Yangu yaliishia darasa la nne."

"Ungeifuta tu. Wewe nani angekufanya nini?"

Dada alijibu bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha jaji kuliko yote.

"Cheti ni changu, mdogo wangu. Ila shule uliisoma wewe."

Akamkabidhi joho na kushuka ngazi taratibu, ameshika ukuta. Karani akaingia na hukumu, akaonyesha mahali pa kutia saini, akauliza kama kesho mchana Mheshimiwa atakaa tena. Jaji akasema atakaa. Kisha akaandika jina la dada yake, kwa haraka na bila kukosea herufi, kama alivyozoea.