Unga Juu ya Injini

Mimi si mtu wa hasira. Wanaosema nina hasira ni wale walionikasirisha. Lakini siku kijiji kizima kilipoinyunyizia unga injini ya lori langu, nilipandisha mori mpaka fundi wangu, Tobias, akanisogezea kigoda, maana alidhani nitaanguka.

Kisa chenyewe kilikuwa oili. Lori lilikuwa linavuja tone kwa tone kutoka Kaliua mpaka Tabora, na mgeni aliyetaka kufika kwangu Isevya alikuwa hana haja ya kuuliza njia. Hilo ningelivumilia. Lakini Bwana Shauri, mkuu wa serikali pale Tabora, alikuwa amemwaga kokoto mpya nyeupe mbele ya boma, akatangaza kwamba malori yote ya abiria yatakaguliwa juu ya kokoto hizo. Lori litakalodondosha hata tone moja litanyang'anywa leseni. Ukaguzi ulikuwa kesho yake. Na mimi nje ya lile lori sina kitu. Shamba la marehemu baba nililiuza ili nilinunue, na mke wangu Mwamvita hajaacha kunikumbusha.

Basi asubuhi ile tulipotoka Kaliua nikamwambia Tobias hatuingii Tabora mpaka tujue oili inatoka wapi. Tukasimama kijijini kwa Bibi Ngollo, mahali ninapopakia nta siku zote.

Tobias ni Mmoraviani, mtu mpole, hana haraka hata akifukuzwa na nyuki. "Oili haitoki pale inapodondokea," alisema. "Inatoka juu, upepo unaisukuma nyuma, inateremka huku ikilowesha kila kitu. Ukitazama chini utazilaumu nati zote." Dawa yake ilikuwa hii: unaiosha injini yote kwa mafuta ya taa, unaifuta ikauke, unaipaka unga mkavu, halafu unaiwasha. Mahali pa kwanza kulowa ndipo penyewe.

Nikaenda kwa Bibi Ngollo, ambaye uwanja ulikuwa wake.

"Shikamoo, bibi. Naomba unga wa mhogo."

"Marahaba, Yahaya. Wa kupika?"

"Wa kuweka kwenye injini."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiingojea tangu utoto. Kisha akaingia ndani, akatoka na ungo uliojaa. Mtu mwingine angeniuliza unga na injini wapi na wapi. Yeye hakuuliza, kwa sababu kwao unga mweupe usipoliwa una kazi moja tu: wananyunyiziwa wazee waliokufa ili watulie. Mimi nimezaliwa mjini, nilikuwa nayajua hayo kwa kusikia, na kichwani mwangu nilikuwa na kokoto tu.

Tukaosha, tukafuta, Tobias akanyunyiza kwa ncha za vidole. Tukafunika boneti, tukaenda kunawa. Tuliporudi injini ilikuwa nyeupe kuliko tulivyoiacha. Tukasema labda macho. Tobias akapiga hendeli, injini ikanguruma, tukakaa kivulini kusubiri. Tulipofunua tena, mlikuwa na unga wa mhogo, unga wa mtama, na mwingine mwekundu wa ulezi ambao sisi hatukuja nao.

"Nani amemwaga unga humu?" niliuliza.

Uwanja ulikuwa umejaa watu, kila mmoja na kibakuli chake.

"Tumekusaidia," alisema Bibi Ngollo. "Jambo hili halifanywi na mtu mmoja. Sisi ndio ukoo."

"Ukoo wa nani?"

"Wa guku."

Guku ndiye babu. Babu yake Bibi Ngollo alikuwa mpagazi. Kabla njia ile haijawa barabara aliipita na mzigo wa Mwarabu kichwani, akielekea Ujiji, hakurudi, na hakuna aliyeambiwa kaburi lake liko wapi. Sasa limekuja lori, linapita njia ile ile, limebeba mizigo ya watu, linatokwa na jasho jeusi safari nzima, na likifika kwake linasimama na kutoa jasho zaidi.

"Wewe ungefikiri nini?" aliniuliza.

"Ningefikiri gasketi," nilisema.

Alichota maji yaliyokorogwa na unga, akajaza mdomo, akaipulizia injini iliyokuwa ya moto. Nyuma yake watu walikwishapanga foleni. Nikasema ngojeni. Hawakungoja. Walipulizia mmoja baada ya mwingine, wengine wakirudi foleni mara ya pili kwa mapenzi yao. Na aliyewahi kukaa jikoni anajua maji ya unga yakikutana na chuma cha moto kinachotokea ni nini. Injini yangu ilipika ugali. Uliiva vizuri, ukanukia, nikashikwa na njaa, jambo lililoniongezea hasira.

Nilipayuka. Nilisema mimi ni Mwislamu wa Isevya, nimekuja kutafuta oili, sikuja kutafuta babu wa mtu. Hapo ndipo Tobias aliponisogezea kigoda. Naye alikuwa na lake, maana mchungaji wake akisikia alitoa unga kwa mkono wake mwenyewe, Jumapili atasimamishwa mbele ya watu. Jua lilikuwa limepinduka. Nilikuwa nikiiona leseni yangu mkononi mwa Bwana Shauri, na niliogopa kwelikweli.

"Yahaya," Tobias aliita taratibu. "Hebu njoo utazame."

Injini yote ilikuwa imevaa ugali isipokuwa mahali pamoja. Nyuma kabisa ya kifuniko cha juu, kuzunguka bolti moja, chuma kilikuwa kitupu, duara la ukubwa wa shilingi. Ugali ulikuwa umekataa kushika pale kwa sababu oili ilikuwa inachuruzika chini ya kichwa cha bolti na kuusukuma pembeni. Ule unga wetu wa ncha za vidole labda tungeurudia mpaka jua lizame.

Tobias akashika spana. Bibi Ngollo akaweka ungo juu ya bolti.

"Huo ni mdomo wake," alisema.

"Ni bolti, bibi."

"Tangu nikiwa mtoto sijapata neno lake. Leo limefika, nanyi mnataka kumziba."

Machozi yalikuwa yanamtoka, bila sauti. Hasira yangu ilitafuta pa kukaa, ikakosa. Nikamweleza habari za kokoto, za leseni, za shamba la baba. Nikamwambia ni kwa ajili ya ukaguzi tu, nikirudi nitailegeza.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mwambie mwenyewe."

Basi nikainamia injini mbele ya kijiji kizima. "Shikamoo, guku. Mimi ni Yahaya wa Isevya. Tunakuziba mdomo kidogo, kuna Bwana anazionea uchungu kokoto zake. Nikipita tena nitakufungulia."

Bibi Ngollo akaitikia kwa niaba yake. "Marahaba. Amesikia." Kisha akaondoa ungo, na Tobias, aliyekuwa akikagua mawingu kwa makini sana, akakaza bolti.

Kesho yake Saidi, mwenye lori mwenzangu, alinitangulia kwenye kokoto. Lori lake likadondosha tone moja, akarudi kwao kwa miguu. Zamu yangu ilipofika, tarishi alimtandikia Bwana Shauri mkeka, naye akalala chali chini ya lori langu muda mrefu. Pakavu. Akafunua boneti, akanusa.

"Harufu ya nini hii?"

"Chakula cha mchana, Bwana."

Akagonga muhuri. "Nikisikia limevuja tena popote," alisema, "sitakuita. Nitaichukua."

Siku ya kurudi Kaliua nilipiga hesabu zangu njia nzima. Bolti imekaza. Lori ni kavu. Ahadi niliyotoa nilimpa mfu, tena wa watu wengine. Bibi Ngollo alikuwa amesimama kando ya barabara, hakupunga mkono. Nilimpita kidogo, kisha nikakanyaga breki.

Nilichukua spana mwenyewe, nikalegeza. Bibi akachuchumaa karibu na gurudumu, nami nikachuchumaa kando yake. Tone lilikawia. Nilijikuta nina wasiwasi lisije likakataa. Lilipoanguka kwenye vumbi akaligusa kwa kidole.

"Anasema nini?" nilimuuliza, na nilitaka kujua.

"Anasema umemchelewesha."

Nikamwomba msamaha. Nikapakia nta, nikarudisha spana mfukoni ilipokuwa leseni, nikaondoa lori langu likivuja.