Pikipiki Ndani, Jiko Nje

Mwaka 1958 nilikuwa fundi wa mashine za taipu katika duka la Bwana Pereira, Mgoa mmoja aliyekuwa na chumba chembamba karibu na Bazaar Street, katikati ya Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka maofisini na mkoba wa bisibisi, nikifungua mashine zilizokwama herufi na kuzitengeneza. Nilivaa tai. Nasema habari ya tai mapema kwa sababu ilichangia mengi. Mtu akivaa tai miaka mitatu mfululizo huanza kuamini kwamba kila analofanya lina akili ndani yake.

Bwana Pereira alikuwa na pikipiki ya BSA, rangi ya kijani, aliyokuja nayo kazini kila siku kutoka Parklands. Jumapili moja ilimwangusha mbele ya kanisa lao, mkewe akiangalia, na mke akapiga marufuku. Juma lililofuata akaniuzia mimi, kwa bei ambayo hata leo naona alinihurumia. Alinifundisha kuiendesha katika uwanja mtupu, akanipa na spana zake, kisha akaniuliza, "Zadock, utaiweka wapi?"

"Nyumbani, Bwana."

"Una gereji?"

"Nina nafasi," nikasema.

Sikuwa na nafasi. Nilikuwa na chumba kimoja Riruta, cha udongo na mabati, katika boma la Mzee Kinyanjui. Tuliishi humo watu watatu: mimi, mke wangu Nanjala, ambaye alikuwa amenifuata kutoka Kimilili mwaka uliotangulia, na binti yetu Nanyama, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Ukifungua mlango wote, uligonga kitanda.

Siku ya kwanza niliiegesha nje, chini ya upenu. Asubuhi nilikuta kuku watano wa Mzee wamelala juu yake, mmoja kwenye usukani kama dereva. Nikatumia maji ya kuoga kuosha kiti. Siku ya pili nikaifunika turubai. Mvua ya Aprili ikaja na upepo, turubai likaishia kwenye ua wa jirani, na maji yakaingia mahali ambapo hayakutakiwa. Pikipiki ikakataa kuwaka. Niliisukuma hadi Dagoretti Corner, tai mfukoni, watu niliowapigia honi jana yake wakinisalimu kwa adabu nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jioni hiyo nikasikia kwamba mtu mmoja kule Kawangware ameibiwa gurudumu la baiskeli. Gurudumu moja tu, la baiskeli, na la mbele. Hilo lilinitosha. Nikamwambia Nanjala kwamba pikipiki italala ndani.

"Itapitia wapi?" akauliza.

Lilikuwa swali zuri, kwa maana usukani ulikuwa mpana kuliko mlango kwa kiasi cha shubiri moja. Lakini mimi nilikuwa fundi. Nilifungua boliti, nikaulegeza usukani na kuulaza kando na nyaya zake zote, nikaiingiza pikipiki kinyumenyume kama mtu anayerudisha ng'ombe zizini. Kazi ilichukua nusu saa. Asubuhi, kuirudisha katika hali yake kulichukua zaidi, kwa sababu ya haraka. Kabla ya kuwa na pikipiki nilikuwa natembea hadi barabarani, napanda basi, na kufika kazini saa mbili kasorobo. Sasa nilikuwa naenda kwa injini na kufika saa mbili na nusu.

"Zadock," Bwana Pereira akaniambia siku moja, akitazama saa yake, "umehama? Siku hizi unaishi mbali?"

Petroli ilileta jambo jingine. Tanki lilikuwa na harufu, na mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba hewa yake inaweza kushika moto. Nikapiga marufuku jiko ndani ya nyumba. Nanjala akahamia chini ya upenu, pale pale kuku walipokuwa wameniharibia kiti, akawa anapika huko mvua ikimrushia matone, mtoto mgongoni. Kisha nikaona kwamba chumba bila jiko kina baridi, na baridi huleta umande, na umande huleta kutu. Nikachukua blanketi zito, lile ambalo Nanjala alipewa na shangazi yake Rael siku ya harusi yetu, nikaifunika pikipiki. Mwisho nikaifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Mmoja wetu akigeuka, mnyororo ulilia, na mimi nililala kwa raha nikijua mali yangu iko.

Nanjala si mtu wa kelele. Alivumilia siku kadhaa, halafu jioni moja, akipepea makaa pale nje, akaniuliza, "Baba Nanyama, hii pikipiki ikishikwa na homa utaipeleka hospitali?"

"Usifanye mzaha. Chuma hushika kutu."

"Na mimi?"

"Mtu hashiki kutu," nikasema.

Nimeshasema maneno mengi ya kijinga maishani mwangu, lakini hayo ndiyo ninayoyakumbuka nikiwa peke yangu.

Mzee Kinyanjui alipita siku hiyo hiyo. Alichungulia mlangoni, akaona blanketi limefunika kitu kirefu kando ya kitanda. Akavua kofia.

"Nani mgonjwa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mgonjwa, Mzee."

"Na huyo amefunikwa?"

"Ni pikipiki."

Akalitazama blanketi. Kisha akamtazama Nanjala, ambaye alikuwa anasukuma jiko kwa mguu ili lisilowe. "Haya," akasema, akavaa kofia, akaenda zake. Mimi nikadhani kwamba ameniheshimu kwa kutunza mali.

Ilikwenda hivyo karibu miezi miwili. Asubuhi moja ya Juni, kwa kuwa nilikuwa nimeitwa mapema katika ofisi ya mawakili ambayo mashine zake zote mbili zilikuwa zimekwama, nilifunga usukani upesi upesi. Boliti moja niliikaza. Ya pili niliikaza moyoni tu. Karibu na Dagoretti Corner barabara inakata kushoto. Mimi nilikata kushoto, usukani ukakata kushoto, ila gurudumu la mbele likaendelea kwenda mbele kama halikuambiwa kitu. Nilivuka mtaro, nikapasua ua wa matete, nikasimama katikati ya kitalu cha kabeji, pikipiki ikiwa imelala na mimi nikiwa nimelala kando yake, usukani bado mikononi mwangu.

Mwenye kabeji alikuwa mama mmoja aliyeitwa Wanjira. Alikuwa ameinama akipalilia, hatua kumi hivi kutoka mahali nilipoangukia. Akainuka taratibu.

"Umeumia?"

"Mkono wa kushoto, kidogo."

Akaja akaushika, akaupinda huku na huku, akaniambia haujavunjika. Kisha akageuka kutazama miche. Ilikuwa safu nne, imelala chini yote.

"Wewe ni wa ofisini?" akauliza, akiiangalia tai.

"Ndiyo, Mama."

"Basi mkono wa kulia ni mzima. Chimba."

Nilichimba. Nikiwa na tai yangu, magoti kwenye tope, nilipanda upya kila mche uliokuwa na mzizi, Wanjira akinifuata nyuma na kunionyesha niliyoipanda karibu mno. Watu waliokuwa wakienda kazini walisimama kwenye tundu nililopasua uani na kuangalia. Mmoja wao alikuwa Nashon, mpishi wa Wazungu tuliyesali naye kanisa moja. Aliniuliza kama nimeacha kazi mjini. Nilimwambia hapana. Akaendelea kusimama.

Tulipomaliza, Wanjira alisema siwezi kuisukuma pikipiki kwa mkono mmoja, akaishika upande wa pili. Tukarudi Riruta hivyo, yeye akisukuma zaidi yangu. Njiani aliniuliza usukani umelegeaje, na kwa kuwa nilikuwa na maumivu na sina tena la kuficha, nilimweleza yote: mlango, boliti, blanketi, jiko. Hakucheka. Alisema tu, "Kila siku?"

"Kila siku."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Tulimkuta Nanjala chini ya upenu anachemsha uji. Alininawisha mkono na kuufunga kwa kitambaa. Wakati huo Mzee Kinyanjui alikuwa amekuja, na Wanjira akamsimulia kwa Kikuyu. Sikuelewa maneno, ila mikono yake ilikuwa inafungua boliti hewani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia nimfuate.

Nyuma ya zizi lake kulikuwa na banda la mbao, limeezekwa mabati, lina milango miwili mipana na komeo la chuma. Akaifungua. Ndani kulikuwa kukavu na kutupu.

"Mkokoteni wangu ulikuwa unalala hapa," akasema. "Ikaja Emergency, serikali ikatuzuia kutembea ovyo, ningeupeleka wapi? Niliuuza pamoja na punda. Ni miaka minne hakuna kitu ndani."

Nilisimama pale nikitazama. Lori dogo lingeingia.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Mimi niliona umeifunika blanketi, nikafikiri unapenda kulala nayo."

Hapo ndipo Nanjala alipocheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mtoto naye akacheka bila kujua sababu, na Wanjira, aliyekuwa amejizuia kutoka Dagoretti Corner, akashindwa. Mimi nilijaribu kukaa kimya kwa heshima ya mkono wangu. Sikuweza muda mrefu.

Mzee hakutaka kodi ya banda. Alitaka debe lake la maziwa lifikishwe barabarani kila asubuhi, na hilo nililiweza hata na mkono mmoja, baada ya fundi wa kweli kuukaza usukani. Jiko lilirudi ndani jioni ile ile. Blanketi Nanjala alilifua mara tatu kabla ya kukubali kujifunika, na bado alisema linanuka Bwana Pereira.

Mkono ulipopona nilimwambia nitampeleka kanisani kwa pikipiki, yeye nyuma, kama mke wa mtu mkubwa. Mtoto tulimwacha na mke wa Mzee. Nanjala alikaa upande, akanishika kiuno, na tulikwenda vizuri kabisa mpaka kwenye mlima. Pale injini ikaanza kukohoa. Ilikuwa haituwezi sote wawili.

"Nishuke?" akauliza.

"Shuka kidogo tu. Nitakungoja juu."

Nilifika juu, nikasimama kumngoja. Nikaona vumbi kwenye tanki, nikatoa leso. Kutoka kwenye tanki nikahamia kwenye taa, kutoka kwenye taa nikachuchumaa kwenye magurudumu. Nilipoinua kichwa, Nanjala alikuwa ameshanipita, viatu mkononi, anageuka kwenye kona ya kanisa. Walikuwa kwenye wimbo wa pili nilipoingia, na Nanjala hakuwa ameniwekea nafasi.